Mgonjwa Aliyewahi Kazini

Simu yake ya mkononi haikuwa na salio, kwa hiyo karani aliwahi ofisini asubuhi na mapema ili aseme anaumwa. Akapiga namba ya meneja kwa simu ya mezani ya ofisi. Simu ikajipokea yenyewe: “Acha ujumbe baada ya mlio.”

“Bosi, niko hoi kitandani,” alinong'ona, akizungusha waya wa simu kidoleni. “Hata kichwa sikiinui.”

Mlango ukafunguka kwa kishindo. “Karani, chai yako hiyo!” mama wa chai alipaza sauti. “Leo umewahi!”

Karani akamkodolea macho, akimwonyesha simu. Mama akaelewa. Akaiinamia.

“Haya, mgonjwa wangu,” akasema kwa upole, “kunywa dawa.”

“Mama,” alisema meneja, amesimama mlangoni na mkoba wake, “na mimi niletee dawa hiyo.”