Chiriku Uwanjani

Fundi cherehani alipanda ngazi za uwanja akiwa peku, viatu vyake vya harusi mkononi. Vilikuwa vimembana tangu langoni, na kiti chake kilikuwa safu ya juu kabisa. Alipofika alivivaa tena, akajifuta jasho, akatazama chini. Jukwaa lilikuwa kama kiberiti, na watu juu yake kama njiti.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Usimtafute kule, mama. Mtazame kwenye skrini," alisema msichana wa kiti cha jirani, msusi mwenye mdomo mwepesi kuliko vidole vyake. "Huyo hapo! Chiriku mwenyewe!"

Umati ulilipuka. Kweli alikuwa yeye, uso mkubwa kama nyumba. Amenenepa kidogo. Kovu la kidevuni lipo palepale. Midomo yake ilifunguka, sauti ikafika baadaye, kama mgeni aliyepotea njia.

Enzi zile Chiriku aliimba katika ukumbi mdogo nyuma ya gereji, sakafu inanuka oili, feni inalalamika. Wasikilizaji wachache, na nusu yao walifuata bia tu. Fundi alikaa karibu na maikrofoni kiasi cha kumsikia akivuta pumzi kabla ya ubeti. Chiriku akisahau maneno alimtazama yeye, naye alimchezeshea midomo mpaka akakumbuka.

"Muziki ulikuwa kule kwenye kiukumbi," alimwambia msusi. "Unamwona mtu, naye anakuona."

"Aa, mama! Raha iko hapa. Sikia kifua kinavyotetemeka! Kule ukikohoa tu, wote wanakugeukia."

"Mimi nikikohoa, alikuwa anasimamisha wimbo kuniuliza kama nimekunywa dawa."

Msusi akaangua kicheko. "Mama, una visa wewe!"

Fundi hakumlaumu. Nani angeamini? Chiriku aliondoka na meneja, akaahidi kuja kumchukua mkewe akishapata nyumba. Simu zikaja, zikapungua, kisha namba ikabadilika. Talaka haikuja. Fundi aliendelea kushona na kusubiri. Mumewe akitajwa redioni alizima, roho haikuhimili.

Asubuhi ile wifi yake, dada wa Chiriku, alikuja kumsihi huku analia. "Wifi yangu, baki nyumbani. Ya huko si ya kusikia."

Fundi alidhani anajua anachofichwa: kuna mwanamke mwingine. Na awepo. Yeye alitaka tu kujionea kwa macho yake, halafu arudi kwenye cherehani yake akiwa anajua moja.

Jua lilipoanza kuinama, gitaa lilianza polepole, na fundi aliutambua wimbo kabla hata ngoma hazijaingia. Chiriku aliutunga jikoni kwao, akipiga mdundo kwenye sufuria huku yeye anamenya vitunguu. Kwenye kiitikio lilikuwamo jina la mapenzi ambalo mumewe peke yake alimwita.

Hakulitoa. Mbele ya umati wote huu, bado alikuwa anamwita.

"Huu sasa unaniliza hata mimi," msusi alinong'ona. "Na yeye huwa analia kweli, mama, si maigizo. Miaka yote hii hajaoa tena."

"Hajaoa?"

"Amwoe nani? Moyo wake wote uko kwa huyu wa kwenye wimbo."

Fundi aliziba mdomo kwa viganja. Yote aliyokuwa ameyameza, maneno ya majirani, usingizi uliokataa kuja, kitanda kilichokuwa kikubwa mno, yakamtoka kwa machozi ya mara moja. Basi wifi alikosea. Akaamua: wimbo ukiisha atashuka, atawapita walinzi kwa heri au kwa shari, ataliita jina lake halisi. Mumewe atamgeukia tu. Sauti yake hawezi kuisahau.

Huko chini Chiriku akainua mkono. Gitaa likanyamaza. Kwenye skrini machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kovu.

"Mnajua niliutunga kwa ajili ya nani," alisema, sauti ikakatika. "Nilimzika kwa mikono yangu hii, kabla hajaniona nimesimama mahali kama hapa. Simameni jamani, tumkumbuke mke wangu."

Uwanja mzima ulisimama kimya, safu kwa safu, mpaka ya juu kabisa.

Msusi akamgusa bega kwa upole. "Simama, mama. Ni marehemu."

Fundi cherehani akasimama.