Mfuko wa Redio ya Obedi

Jumatatu alasiri Dorkasi alifumua mistari sita aliyokwisha kuifuma, akaanza upya. Redio ilikuwa mapajani pake, imezimwa, na mfuko wake wa uzi wa bluu haukuwa umefika hata nusu.

Asubuhi ile wifi yake, Ruthu, alikuwa ameshuka kwenye basi la Kibakwe na kumvutia nyuma ya jiko. Matonya, mtoto wa pekee wa Dorkasi na mumewe Obedi, amefukiwa na kifusi machimboni. Watamzika Jumatano kijijini kwao, Kibakwe. Tangazo la kifo limeshapelekwa redioni kwa jina la baba mtu, kama ilivyo desturi, nalo litasomwa hadi Jumatano. Ruthu alidhani litaanza leo.

"Kaka asisikie," Ruthu alisema. "Si unajua daktari alivyosema?"

Daktari alisema mshtuko mmoja tu unatosha kumwua. Wiki ya tatu hii Obedi hajatoka nje ya nyumba yao ya Ipagala. Hata kanisani Dorkasi alikwenda peke yake, na mwenzake mgonjwa alibaki kitandani na hiyo redio.

Basi Dorkasi alijikaza kisabuni, akaingia chumbani, akasema vumbi litaiua redio, anataka kuifumia mfuko, na lazima akae nayo aipimie. Siku hizi uzi umejaa madukani, si kama miaka ile ya uhaba na foleni, kwa hiyo kisingizio hakikuwa cha kutafuta. Alitarajia mabishano. Mwanamume yule hakuwahi kumwachia mtu redio yake, hata mchungaji.

"Ichukue, Dorkasi," Obedi alisema. "Wala usiharakishe."

Miaka ishirini na mitatu alikuwa akimwita Mama Matonya. Tangu jana alikuwa akimwita kwa jina lake, kama wakati wa uchumba. Dorkasi alidhani ni ugonjwa unaomlegeza. Hata redio aliiona nyepesi, akasema labda ni mikono yake imekufa ganzi kwa uchovu.

Alifuma mchana, akafumua jioni. Jumanne hivyo hivyo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, naye hakuwa na ruhusa hata ya kulia. Akizidiwa alikwenda kukata vitunguu, na wiki ile nyumba ilikula vitunguu hadi basi. Obedi alivila bila kuuliza. Macho yake nayo yalikuwa mekundu. Alisema moshi wa jikoni unamfikia.

Jumatano Matonya alizikwa bila mama yake.

Alhamisi Dorkasi alifunga uzi, akaivisha redio mfuko, akampelekea mumewe. Obedi aliupapasa, akausifu, akaiweka redio pembeni. Hakuiwasha.

Dorkasi aliogopa kimya kile kisije kikamliza, siri ikafichuka. Alikuwa amechoka mno kungoja, akabonyeza kitufe mwenyewe. Haikulia. Akabonyeza tena. Akaivua ule mfuko wa siku nne, akafungua mgongo wa redio. Hamkuwa na betri hata moja.

Obedi aliingiza mkono chini ya mto, akazitoa zote nne, akaziweka juu ya blanketi.

"Nilizitoa Jumapili, ulipokuwa kanisani," alisema. "Sikutaka ulisikie lile tangazo, Mama Matonya."