Mke wa Marehemu

Katika ukumbi wa mtaa walitafutwa waigizaji wa mchezo wa kuchekesha, ambamo mtu anauawa na watazamaji wanamsaka muuaji kwa maswali. Zamda, aliyetoka kumuuguza mumewe, alijaribiwa kwa nafasi ya mke wa marehemu.

"Mama, ulikuwa wapi mumeo akiuawa?" akauliza Kibwana, mwongozaji.

"Nilikuwa nafua mashuka yake," akajibu kwa uchovu. "Angeyafua nani?"

Waliosubiri zamu zao wakaangua kicheko. Zamda akashangaa, maana hakuwa ametania.

"Na ulipomkuta amekufa?"

Akafikiri kidogo. "Nilikaa chini kwanza. Nikapumzika."

Safari hii wengine hawakucheka. Zamda akavuta kiti kilichowekwa jukwaani kwa washukiwa, akaketi, akavua viatu.

"Haya," akasema, "niulizeni tena."