Baruti Isiyojulikana

Nasoro aliweka kichupa mezani katika duka la silaha. Ndani mlikuwa na baruti, chembe nyeusi kama mbegu za mchicha.

"Nimeikuta kwenye kipimio cha baruti cha Raya," alisema. "Alikuwa anajaza risasi za mashindano, akainuka mara moja kwenda kuepua chungu, hakurudi tena. Nataka nizimalizie kwa baruti hiyohiyo."

Bi Zuwena, mwenye duka, alikuwa ameosha maiti ya Raya wiki iliyopita. Hakukigusa kichupa.

"Ilitoka kopo lipi?"

"Yapo mawili. Yote yamefunguliwa."

"Basi hakuna wa kukwambia ni ya lipi, shemeji. Kwa macho zinafanana, na ukikosea bastola inakupasukia mkononi. Baruti isiyojulikana inamwagwa. Mkeo ndiye aliyenifundisha."

"Sawa. Nipe nyingine."

"Ya nguvu au laini?"

"Yoyote."

Nyumbani aliliweka kopo jipya karibu na maganda matupu ya risasi. Akatoka na kichupa, akakifungua, akakiinamisha juu ya udongo wa bustani. Kabla chembe hazijamwagika, akakiinua. Kisha akakifunga, akarudi ndani, akachukua kalamu na kuandika kwenye kifuniko: Raya.