Sabini na Moja

"Sabini na moja," Karangwa alisema kwa mara ya tatu, akapiga meza mpaka kipanya cha kompyuta kikaruka. "Nani amenipotezea mtu?"

Karatasi mbili zilikuwa mbele yake. Ya kwanza ilitoka kwenye mashine ya kuchapa, bado ina joto: watu wa mawe thelathini, wa zege ishirini na wawili, wa paa kumi na wawili, wa maji saba. Jumla sabini na moja. Ya pili ilikuwa ya Sajenti Gatete, mkuu wa walinzi, mgeni wa siku tatu, na aliiandika kwa kalamu: asubuhi nimeleta wafungwa sabini na wawili.

Kompyuta ilikuwa ya Injinia Kamikazi, aliyerudi nayo kutoka Mwanza. Ndani yake kulikuwa na programu ya ratiba. Unaipa idadi ya watu wa siku, nayo inakuambia zahanati ya Rugerero itaisha tarehe ngapi. Karangwa peke yake ndiye aliyeielewa, na injinia hakuficha. "Bila wewe hii ni televisheni mbovu," alimwambia. Tangu hapo Karangwa alitembea kifua mbele, koti la buluu la ofisi limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, hata jua liwe kali namna gani, na watu wakambandika jina la Direkteri, yaani mkurugenzi.

Siku zote karatasi hizo mbili hazikukutana. Leo wafadhili walitaka sahihi mbili chini ya jumla moja.

Karangwa alifika mlangoni, akasubiri mlinzi aitikie kwa kichwa, akatoka. Wanaume walikuwa wamechuchumaa kwa mistari juu ya kokoto nyeusi, na sare zao za kifungo za rangi ya waridi.

"Mmoja ametoroka," alisema. "Basi kesho hakuna atakayetoka gerezani. Ugali wa moto wa mchana ndiyo kwaheri. Mtashinda ndani mnatazama ukuta."

Bizumuremyi, mwashi mwenye jino moja la mbele, aliinua mkono. "Direkteri, mi niko na neno."

"Wewe nyamaza."

Akawahesabu kumi kumi. Sabini na moja. Tano tano. Sabini na moja. Gatete akatuma walinzi chooni, migombani, nyuma ya mapipa ya maji. Walirudi na mbuzi wa jirani.

"Huyu iko namba ngapi?" sauti iliuliza, na mistari yote ikacheka.

"Mnacheka," Karangwa alisema. "Nakaa pale nawapangia kazi. Mgonjwa nampeleka kwenye maji asivunjike mgongo. Na nyinyi mnaniaibisha mbele ya injinia. Hamuaminiki. Ndiyo maana mko mlipo."

Kicheko kilikatika.

"Direkteri," alisema Bizumuremyi, "lile neno langu..."

"Nimesema nyamaza."

Injinia Kamikazi alisimama mlangoni, mikono kichwani. "Afande, tumebakiza wiki chache tu. Usinifungie kazi."

"Mtu asipopatikana, mama, kesho sileti hata mmoja." Gatete akageukia mistari. "Pandeni."

Walipanda lori mmoja mmoja, Gatete akimgusa kila mtu begani na kuhesabu kwa sauti. Sitini. Sabini. Sabini na moja. Kokoto zikabaki tupu.

Karangwa alisimama kando yake, karatasi imekunjika ngumini. "Umeona, Afande? Mashine haisemi uongo. Waongo ni hawa."

"Afande," Bizumuremyi aliita kutoka juu ya lori, "basi muulize Direkteri leo analala wapi."

Sajenti aligeuka, akamwekea Karangwa mkono begani.

"Sabini na mbili," alisema.

Kule juu wanaume walisogea kumwachia nafasi yake ya kila jioni, kati ya Bizumuremyi na tairi la akiba.