Koti la Fundi Mashine

"Tangu lini Msambaa akalala juu ya maji?"

Swali hilo aliliuliza Bi Tatu, jirani yake Mzee Salimu kule Tanga, siku Fanueli aliposhuka kutoka milimani kuja kuendesha mashine ya boti ya Mzungu. Salimu alicheka mpaka akakohoa. Leo anapanda mlima wa Lushoto kwenda nyumbani kwa Fanueli huyohuyo, kikapu mkononi, na kicheko kile anakijutia.

Ndani ya kikapu, chini ya kanga kuukuu, kulikuwa na koti la Fanueli. Wavuvi walilikuta likielea jana Jumapili, pale boti ilipozama. Mzungu waliwahi kumwopoa. Alipozinduka hospitali alisema jambo moja tu, kwamba fundi mashine alikuwa chini, kwenye mashine. Kisha akapoteza fahamu tena.

"Shikamoo, baba." Mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani alimpokea mlangoni. "Pita ndani, baridi hii si ya kwenu. Wewe si Mzee Salimu, baba yake Kibwana? Nimekujua kwa ndevu. Fanueli husema hazijawahi kukosa lami."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi."

"Mimi ndiye Zipora. Keti hapa motoni. Fanueli akija atafurahi kukukuta."

Salimu akaketi. Maneno alikuwa ameyapanga tangu kwenye treni, akayapanga upya juu ya lori kutoka Mombo. Sasa hakuna hata moja lililobaki. Chungu cha ndizi na maharage kilichokuwa jikoni kilitosha watu watatu. Akageuza uso.

"Na yule bibi kizee wenu wa baharini, bado anapumua?" Zipora aliuliza huku akimimina chai.

"Boti kuukuu ina taabu, mwanangu," Salimu akajibu, akishukuru kupata la kusema. "Haitaki kupumzishwa. Mashine uiamshe kila asubuhi, hata kama huendi popote. Maji ya chini uyavute kabla hujayaona. Na mbao zisikauke."

"Hee! Zisikauke? Huku kwetu mbao isiyopigwa moshi huliwa na wadudu ikaisha. Mimi ndiye niliyemfundisha Fanueli. Nilimwambia, boti yenu ikipandishwa pwani, jengeni paa, muwashe moto wa majani mabichi chini yake, ikauke kama boriti za nyumba. Na akawasha! Hajakusimulia?"

Salimu hakuhitaji kusimuliwa. Yeye ndiye fundi aliyekuwa akiikalafati boti ile, akiziba nyufa za mbao zake, lakini wakati wa moshi huo alikuwa Pangani kwa kazi nyingine. Aliporudi alikuta mbao zimesinyaa, mwanga unapenya katikati yake. Akaziba upya kwa pamba na lami, akamwambia Mzungu: iteremshe, iache majini juma zima, mbao zinywe zivimbe, ndipo utoke. Mzungu aliitikia kwa kichwa. Hata juma halijaisha, Jumapili alfajiri, akang'oa nanga.

Sasa amwambie nini mwanamke huyu? Kwamba moshi wake ndio uliomuua mumewe? Hapana. Hilo angeingia nalo kaburini. Akakumbuka kwamba mwanawe Kibwana, msaidizi wa Fanueli kwenye mashine, alimuaga Jumamosi kwenda Muheza kumtazama bibi yake. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo, na papo hapo akaona haya kwa shukrani ile.

"Kibwana mcha Mungu sana, nasikia," Zipora alisema. "Hakosi msikiti wa Ijumaa."

"Hakosi."

"Mungu amtunze. Hunywi chai, baba? Au unaogopa mapishi ya Walutheri?"

"Mwanangu, nimekuja..."

"Tuombe kwanza." Akafumba macho. Akashukuru kwa mavuno, akashukuru kwa mgeni, kisha akawaombea wote wasafirio majini, Bwana awarudishe kwao. Salimu alisikia sauti yake mwenyewe ikisema amina.

Hakuweza tena. Akalitoa koti kikapuni, akamwekea mapajani.

"Pokea, mwanangu."

Zipora akaligeuza. Akapapasa kiraka cha kiwikoni alichokishona kwa mkono wake. Salimu akainamisha kichwa, akingoja ukelele.

"Limejaa chumvi," Zipora akasema. "Na wewe, mtu mzima, umelibeba njia yote hii? Si angelileta mwenyewe."

"Hujanielewa, mwanangu."

"Nimekuelewa, baba. Asante sana." Akageukia mlango wa nyuma. "Baba Tobia! Acha hizo kuni, una mgeni!"

Fanueli akaingia akiinama, mzigo wa kuni begani, majani mabichi yamemganda kwenye nywele.

"Mzee Salimu! Shikamoo! Laiti ningejua unakuja, ningekungoja Mombo." Akatua kuni, akaliona koti. "Kumbe umeniletea. Nilimkuta Kibwana stesheni Jumamosi, tikiti ya Muheza anayo tayari mkononi. Nikamwambia, ndugu yangu, Mzungu anataka kutoka kesho, na kesho kwetu ni sikukuu ya mavuno. Nishikie Jumapili hii, kama mimi ninavyokushikia Ijumaa zako. Akairudisha tikiti palepale, anacheka, akasema atakwenda kulala botini. Nikamvika koti, maana alfajiri baharini kuna baridi." Akafuta mikono kwenye suruali. "Hajambo lakini?"

Salimu akasimama. Akaokota kikapu kitupu, akapita katikati yao, akatoka kwenye ukungu.