Makaroni ya Baba Mkwe

Tulinagwe alipanga makaa ya moto juu ya mfuniko wa sufuria. Moto chini, moto juu. Ndani kulikuwa na makaroni, maziwa, jibini kutoka Mbeya na samaki wa ziwani, mbasa, aliyemtoa miba kwa vidole, mmoja mmoja, hadi kucha zikauma.

Hii ilikuwa siku ya tatu baba mkwe anakataa chakula. Wali amekataa, ndizi amekataa, hata uji.

"Makaroni! Mzee huyu ale makaroni?" mama mkwe alicheka asubuhi, akaondoka kwenda msibani Busale.

"Atakula," Tulinagwe alimjibu.

Jibini ilipogeuka kahawia ndipo alipokumbuka kwamba hakuna mtu wa kumpelekea mzee chakula. Miaka tisa ya ndoa hajawahi kumtazama baba mkwe usoni wala kusema naye. Ndiyo heshima ya mkamwana hapa Kyela.

Akapakua, akasukuma sahani chini ya pazia la chumba cha mzee, akaupa mlango mgongo.

Kijiko kikagonga sahani. Kikagonga tena, kikaanguka sakafuni.

"Huko nje!" mzee aliita kwa sauti ya kukwaruza. "Mwambieni aliyepika, ni kitamu. Na mtu aje anilishe, mkono umeishiwa nguvu."

Tulinagwe akatazama uani. Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Kuku wawili tu.

Akakaza khanga kiunoni, akachukua kijiko kingine.

"Hodi, baba."